Posa Iliyofika Kinampanda

Kinampanda,
12 Januari 2025

Kwako binti yangu Winfrida,

Sisi huku tumeamka wazima. Mvua imenyesha vizuri, alizeti zimeshika, na mgongo wangu unauma lakini si wa kulalamikia. Naanza na habari za shamba kwa sababu sijui mtu anaanzaje kumwandikia mtoto wake ambaye alimwona mara ya mwisho akiwa darasa la nne.

Jana walikuja wageni wawili kutoka Kintinku, wazee wote wawili, mmoja kavaa koti kwenye jua lile. Wakauliza, hapa ndipo kwa Lazaro? Nikasema ndipo. Wakauliza tena, Lazaro baba yake Winfrida? Mwanangu, ni muda mrefu hakuna mtu aliyeniita hivyo. Lea, mke wangu niliyemwoa baadaye, ndiye aliyesema, "Ndiye huyu, karibuni ndani."

Yule mwenye koti ni mshenga. Kaleta bahasha imefungwa ndani ya kitambaa cheupe, kaiweka mezani kwa mikono miwili, akasema kijana wao Frank ameona jiko katika nyumba hii. Hawakugusa chai mpaka nilipoipokea. Nikaipokea.

Sijaifungua. Kwetu barua ya posa haifunguliwi na mtu mmoja, nangoja kaka zangu tukae. Lakini kabla ya kaka zangu nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu mshenga hawezi kuota njia. Kuna mtu alimwambia aje Kinampanda, na mtu huyo ni wewe. Ungeweza kumwelekeza kwa mjomba wako Antipasi hapo hapo Singida, mambo yakaisha, na mimi nikaja kusikia sokoni Kiomboi kwamba binti yangu kaolewa. Hukufanya hivyo. Uliwaambia waende kwa baba.

Nimelia, nisikufiche. Lea amenicheka, anasema mwanaume aliyeshuka mashimo ya dhahabu ya Sekenke bila kuogopa leo analizwa na kitambaa. Nami nacheka huku nalia.

Sasa kuna mambo ambayo baba anapaswa kuyajua kabla hajasema ndiyo. Kijana ana tabia gani? Anakunywa? Unampenda wewe mwenyewe, au watu wamekupendea? Niandikie yote. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, ailete duka la dawa unapofanya kazi. Mshenga ndiye aliyenieleza lilipo.

Ni mimi baba yako,
Lazaro

*

Singida mjini,
17 Januari 2025

Kwa Bwana Lazaro,

Barua yako imefika. Nasikitika kukuambia kwamba umeelewa vibaya.

Sikumwelekeza mtu yeyote kwako. Frank alimwambia mshenga apeleke barua nyumbani kwao Winfrida. Mshenga ni mtu wa zamani, akauliza mimi ni binti wa nani, akatajiwa jina lako kwa sababu ndilo lililo kwenye vyeti vyangu, akapanda gari mpaka Kinampanda. Nyumbani kwetu ni hapa Singida kwa mama. Barua ilikuwa ipokelewe na mjomba Antipasi. Frank ameniomba radhi na nimemsamehe.

Naomba uirudishe Kintinku kama ilivyo, haijafunguliwa, ili waje upya mahali panapostahili. Usiite kaka zako. Usiulize habari za Frank. Maswali ya tabia za wanaume mama alishaniuliza yote, na ana sababu ya kuyajua.

Mama ameiona barua yako. Tangu jana yuko chumbani, hataki kula. Nadhani hilo linakutosha.

Usiniandikie tena.

Winfrida

*

Kinampanda,
23 Januari 2025

Winfrida,

Hata shikamoo! Watoto wa watu wasionijua wananiamkia njiani, wewe unaniandikia Bwana Lazaro kana kwamba nimekuja kukata umeme.

Unasema niirudishe. Mama yako hakukufundisha mila, au amezisahau kwa makusudi? Barua ya posa ikirudi, imerudi na jibu. Wakiipokea ile bahasha pale Kintinku wataelewa jambo moja tu, kwamba wamekataliwa. Hawatauliza kwa nini na hawatakuja tena, ni watu wenye heshima zao. Na nikikaa nayo kimya mpaka mvua ziishe, watahesabu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nikiirudisha nimekuvunjia ndoa. Nikiijibu nimejifanya baba kwa mtu asiyenitaka. Niambie wewe mwenyewe nifanye lipi.

Aliyetufikisha hapa ni mama yako. Nilikuja shuleni kwako. Mwalimu akakuita, ukasimama mlangoni pa ofisi, ukanitazama usoni ukasema, "Simjui huyu." Mtoto wa darasa la nne hawezi kulitoa neno hilo kichwani mwake. Lilipikwa, likapakuliwa, ukalishwa. Mwambie nimesema hivyo. Na ale chakula, hakuna aliyemfia.

Barua iko kabatini. Siirudishi.

Lazaro

*

Singida mjini,
3 Februari 2025

Dada Loyce, shikamoo.

Ulinieleza juzi kwamba nikianza kusema habari za baba yangu nasema haraka mno, maneno yanatoka yamepangwa tayari, na kwamba niende nyumbani nikaandike polepole. Najaribu.

Nikwambie kwanza kwamba mchungaji wa mafunzo ya ndoa aliponileta kwako nilikasirika. Nilidhani mwanasaikolojia ni wa watu waliochanganyikiwa. Lakini tangu barua ya pili ya baba nakosea hesabu nikiwapa wateja vidonge, na Frank akiniuliza kitu kidogo nafoka. Ndiyo maana nimekubali kuendelea kuja.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya baba ni stendi ya Misigiri. Nilikuwa mdogo sana, mama kanibeba mgongoni kwa kitenge. Mvua inanyesha. Baba ana begi jeusi, anapanda gari la kwenda Sekenke kutafuta dhahabu, na mama anamwambia usituache, mtoto ana homa. Baba hakugeuka. Nauona mpaka leo uso wa mama, machozi na mvua vimechanganyika, midomo inatetemeka. Mtu yeyote akitaja neno baba, kinachonijia ni uso huo. Kwa hiyo asiseme nimelishwa. Nilikuwepo.

Habari ya shule ni kweli. Asubuhi ile mama alikuwa ananisuka, akaniambia akija mwanaume anayejiita baba yako, ujue amekuja kukuchukua na mimi hutaniona tena. Mwalimu aliponiuliza nilisema jambo litakaloniacha na mama. Ningeulizwa leo nikiwa na umri ule, ningesema hilo hilo.

Sasa ana barua yangu kabatini kwake na anaishikilia. Watu wa Kintinku wanangoja. Niambie ninavyoweza kumtoa mtu huyu katika maisha yangu nikaolewa kwa amani.

Wako,
Winfrida

*

Singida mjini,
6 Februari 2025

Mpendwa Winfrida,

Marahaba. Asante kwa kuandika polepole, imeonekana.

Nina swali moja, wala si la kukutega. Ulikuwa mgongoni, umefungwa kwa kitenge. Uso wa mama uliuonaje?

Usinijibu leo. Na usikimbilie kudhani ninasema mama yako ni mwongo. Inawezekana kabisa stendi ilikuwepo, na mvua, na begi, na alilia kama unavyosema. Ninachosema ni kwamba mtoto aliye mgongoni anaona kisogo cha mama yake na watu wanaopita. Uso ule umepewa. Mtu aliyeumia alikusimulia, akakusimulia tena, nawe ulimpenda sana ukauchukua ukawa wako.

Naliona mara nyingi katika kazi hii. Wazazi wakiachana vibaya, mtoto anaangalia nani ameumia zaidi, anasimama upande wake, na anaogopa hata kumkumbuka yule mwingine vizuri, asije akaonekana msaliti. Hakuna anayemlazimisha kila siku. Anajilinda mwenyewe. Anakua hivyo, anafika umri wa kuolewa, na uchungu alionao hajui upi ni wake na upi ameazima.

Mimi si mshenga wa baba yako. Kama ni mtu mbaya utamwona kwa macho yako na utakaa mbali naye, nami nitakuunga mkono. Ila nataka umwone kwa macho yako. Na usigombane na mama. Hilo halitakusaidia kitu.

Nakupa kazi moja. Tafuta jambo lolote la baba yako ambalo hakuna mtu aliyewahi kukusimulia, hata likiwa dogo la kuchekesha. Kama halipo, niandikie kwamba halipo. Baba yako nitamwandikia kama ulivyoniruhusu tulipoonana.

Wako,
Loyce

*

Singida mjini,
13 Februari 2025

Dada Loyce, shikamoo.

Barua yako niliichana. Baadaye nikaviokota vipande nikaviunganisha kwa gundi ya dukani, ndiyo maana naweza kukujibu.

Juzi mwenzangu wa kazini, Happiness, alikuja na mtoto wake mgongoni kwa sababu dada wa kazi kaondoka. Nilimtazama yule mtoto asubuhi nzima. Alichezea hereni ya mama yake, akanitazama mimi, akatazama feni, akalala. Uso wa mama yake hakuuona hata mara moja mpaka alipofunguliwa anyonye. Niliingia stoo nikakaa juu ya maboksi.

Usiku huo nilimwuliza mama, pale Misigiri nilikuwa mgongoni? Aliingia chumbani akafunga mlango.

Kazi uliyonipa nimeifanya. Lipo jambo moja. Nimekaa juu ya gunia, mguu wangu uko kwenye goti la mtu, ananitoa funza kwa pini. Kila akichokoa anapuliza. Ananiambia nihesabu mbuzi wanaopita ili nisilie. Mbuzi walikuwa wachache, kwa hiyo nikifika mwisho ananiambia yule mwekundu umemruka, rudia. Uso siuoni. Naona mikono tu, ina vumbi jeupe kwenye kucha. Mama hajawahi kunisimulia hilo, sidhani hata kama alikuwepo.

Sikulala. Dada Loyce, sitaki kumpenda mtu huyu. Nikimpenda, mama nitakuwa nimemfanya nini?

Winfrida

*

Kinampanda,
18 Februari 2025

Bi Loyce,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira.

Unaniambia nisijitetee. Nisimseme mama yake hata kwa neno la kweli, kwa sababu neno hilo kabla halijamfika mama linampiga mtoto kwanza. Nisimwombe anipende. Nisimkumbushe ya shuleni, alikuwa mtoto. Sasa nikuulize mtaalamu, nimebakiwa na nini cha kuandika? Habari za alizeti?

Kaka zangu wananisukuma niijibu posa. Wanasema binti wa ukoo ni wa ukoo, apende asipende, na ng'ombe wa Kintinku watafungwa kwenye zizi letu. Nilikuwa tayari kuwasikiliza. Nilishanunua hata karatasi nzuri ya kujibia. Halafu ikaja barua yako na lile swali lako, kama nataka binti au nataka kushinda. Nimekwenda nalo shambani kila siku, napalilia nalo. Nilikuwa navitaka vyote viwili, mama. Na cha pili nilikuwa nakitaka zaidi.

Bahasha bado sijaifungua.

Nisimwandikie, sawa, nimekubali. Lakini wewe unamwona. Niambie tu, analala? Anakula?

Lazaro

*

Singida mjini,
21 Februari 2025

Lazaro,

Najua bado umeikalia ile bahasha. Nasikia kaka zako wameshaanza kugawana ng'ombe kwa midomo. Homa za mtoto mlikuwa wapi kuzigawana?

Sasa yuko mwanamke wa ofisini anamwuliza mwanangu eti uso wangu aliuonaje. Nilie nisilie pale stendi, uliondoka. Mwaka mzima hukurudi, hukutuma hata mtu wa kutuangalia. Hilo halihitaji mtaalamu wa kulipima.

Na nikwambie usilolijua, au unajifanya hulijui. Winfrida akiwa na miaka mitano, dada yako mkubwa alinifuata kisimani mbele ya wanawake wote. Akasema, "Wewe lea tu. Akitimiza miaka saba tunakuja kumchukua. Mtoto hana ukoo wa kike." Nilibeba ndoo yangu nikaenda nyumbani nikafunga vitu. Ndiyo sababu nilihama Kinampanda, si kwa sababu ya mwanaume kama mlivyonisema. Kila aliyegonga mlango wangu hapa mjini nilijua ni ninyi. Na siku uliyokwenda shuleni nilijua imefika.

Ulitaka nimfundishe akupende, ili mkija kumchukua awakimbilie mwenyewe? Nilimfundisha kukaa na mimi. Nilikuwa na yeye tu. Mpaka leo nina yeye tu.

Bahasha mpe kaka yangu Antipasi, uondoke katika jambo hili.

Anastazia

*

Kinampanda,
1 Machi 2025

Shemeji Antipasi,

Pole na kazi. Anayekufikishia barua hii ni mke wangu Lea, na ndani ya kikapu chake kuna bahasha ya Kintinku katika kitambaa chake. Sikutaka ipite kwa kondakta.

Mimi Lazaro, baba mzazi wa Winfrida, nakukabidhi wewe mjomba wake uifungue, uisome na uijibu kama ambavyo ningejibu mimi. Kintinku nimeshawatumia neno kwamba atakayewajibu ni mjomba wa binti, wala wasihesabu kama wamekataliwa. Mshenga alishangaa lakini ameridhika. Mahari ikija ipokelewe kwako. Kaka zangu hawanisemeshi tangu Jumapili, wanasema nimewaaibisha. Watapoa.

Nimepata barua ya dada yako. Habari ya kisimani sikuijua. Dada yangu ameshafariki, siwezi kumwuliza, lakini namfahamu mdomo wake, angeweza kabisa kulisema hilo. Ningelijua wakati ule ningekwenda kusimama pale kisimani, mbele ya wale wanawake, niseme mtoto hachukuliwi na mtu. Na mwaka ule wa Sekenke ulikuwepo kama anavyosema. Mwambie hayo ukiona yanafaa. Ukiona hayafai, yaache.

Winfrida usimwambie kitu kwa ajili yangu. Siku ya harusi nikiambiwa nisije, sitakuja. Nikiambiwa nikae nyuma, nitakaa nyuma na sitamwita mtu.

Shemeji yako wa zamani,
Lazaro

*

Kinampanda,
12 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Nilikuaga nikasema naenda Kintinku kwa kina Frank. Nilikudanganya. Niko Kinampanda tangu Jumatatu. Ningekupigia simu ungekata, ndiyo maana naandika.

Mjomba alinionyesha bahasha kabla hajaifungua, pamoja na karatasi aliyoandikiwa. Niliisoma yote nikitafuta mahali alipokusema vibaya. Sikupata. Nikatafuta mahali anaponiomba kitu. Sikupata. Nikamwomba mjomba asiifungue, nikaitia kwenye mkoba, nikapanda gari.

Sikumkuta, alikuwa shambani. Lea alinipa uji na hakuniuliza lolote. Mwenyewe alipoingia hakunitambua. Alidhani mimi ni afisa kilimo, akaanza kunilalamikia ndege wanavyomaliza alizeti. Nikamwacha aseme kwanza, nikiitazama mikono yake. Halafu nikamwambia, mimi ni Winfrida. Alikaa chini pale pale mlangoni na jembe lake. Sikumkumbatia, mama, sikuweza, wala yeye hakujaribu. Tulikaa hivyo mpaka Lea akaja kumnyang'anya jembe.

Si malaika. Anaongea sana, anakatiza watu, na jana aligombana na jirani kwa sababu ya kuku. Nimemwuliza habari ya Misigiri. Akasema ndiyo, alipanda gari, mvua ilikuwa inanyesha na alijua nina homa. Akaishia hapo. Nilimsubiri aongeze sababu, hakuongeza.

Kwa hiyo alituacha kweli, na ulilia kweli. Yaliyokupata yalikupata, mama, na nikimsikia mtu anayakataa nitakuwa wa kwanza kumjibu. Ila ni yako. Mimi nilikuwa mgongoni.

Nimemkataza kuniuliza habari zako. Nimemwambia sitazileta huku, na za huku sitazipeleka huko. Nakuomba na wewe usinipime kwa maswali. Jana alifungua bahasha, akaisoma kwa sauti, akakosea jina la ukoo wa Frank, tukacheka wote. Jibu halijaandikwa. Nataka liandikwe yeye na mjomba wakiwa meza moja, na wewe ukiwepo, mahali popote utakapoweza kukaa. Usipoweza sasa, tutangoja. Frank amesema atangoja, na wazee wake wamekubali.

Kuna jambo moja nataka kukuomba kabla ya hayo. Tangu nipate akili, neno baba likitajwa tukiwa tunakula, unainuka. Unabeba sahani unakwenda kumalizia jikoni, na mimi nabaki nalimeza neno pamoja na ugali. Nimelimeza miaka yote hii. Sikuombi umsamehe, sikuombi hata umwone. Naomba Jumapili nikirudi nilitaje mezani, na wewe ubaki umekaa.

Sijawahi kukuogopa wewe, mama, nimekuwa naogopa kukupoteza, na nimechoka kuogopa.

Mwanao,
Winfrida

*

Singida mjini,
14 Machi 2025

Winfrida,

Marahaba. Umenidanganya, na hilo tutaliongea. Mjomba wako naye nimemwambia asikanyage hapa mpaka nimwite.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaenda kufua, nikarudi nikaisoma tena. Nimekasirika. Nimekasirika na wewe, na yule dada wa ofisini, na Lea na uji wake. Halafu nikafika pale uliposema ulikuwa mgongoni, nikashindwa kuendelea.

Ni kweli. Ulikuwa mgongoni, una joto la homa, na ulilala muda wote. Hukuona kitu. Watu wa stendi walikuwa wamekimbilia vibandani kwa mvua, nao hawakuona kitu. Gari likaondoka nikabaki pale peke yangu, na nikafikiri, jambo kubwa namna hii limenipata na hakuna aliyeliona. Ulipoanza kusikia maneno nilikusimulia. Nilitaka awepo hata mmoja aliyeona.

Habari ya kukaa naye meza moja usinisukume, sijui.

Jumapili njoo mapema, nitachinja kuku. Lile neno utalisema. Nikiona nashindwa nitaishika meza, lakini sitainuka.

Mama yako,
Anastazia